Mkanda wa Mwisho Uliokosekana Kibosho

Moshi mjini,
Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu mpenzi Zuhura,

Salamu zangu zikufikie hapo Tanga ukiwa mzima, wewe na Mama na wote waliomo nyumbani. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujaanza kusoma, kisha umkalishe karibu, maana najua barua zangu hupenda kuzisikia mara mbili. Magoti yake yanaendeleaje? Yale mafuta niliyompa dereva wa lori ayalete yalifika, au dereva kajipaka yeye? Na wewe kifua chako kimepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mlima huu haina adabu. Huu mwaka wa pili na bado nalala na soksi za shemeji yako.

Leo sikuandikii malalamiko. Nakuandikia furaha, tena furaha ambayo siwezi kuibeba peke yangu, na wewe unalo fungu lako ndani yake ingawa ulikuwa mbali.

Kazi ya shemeji yako unaijua. Sinema ya Bwana Jamali hutembea kwa lori, leo Uru, kesho Kibosho, siku nyingine chini kwenye joto la Kahe. Shemeji yako husimama kando ya kitambaa cheupe na bomba lake la bati la kupazia sauti, akisema kwa Kiswahili yale wanayosema Wazungu kwenye filamu. Mimi hubaki nyumbani na cherehani yangu. Basi mwezi uliopita akashikwa na homa na kikohozi. Homa iliondoka, lakini iliondoka na sauti. Alhamisi alifungua kinywa kuniitikia salamu, sikusikia kitu ila pumzi.

Bwana Jamali alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Si mtu mbaya, lakini ni mtu wa biashara.

"Jumamosi tuna Kibosho," akasema. "Watu wameshatangaziwa. Yuko bwana mmoja Arusha, kila mara ananiletea salamu akiitaka nafasi hii. Nikimwita atakuja. Na akija, mama, hataondoka."

Nilimtazama shemeji yako. Alikuwa amekaa kitandani, shuka mabegani, anatazama sakafu. Zuhura, alikata mkonge miaka minne kabla ya kupata kazi hii. Bado mikono yake ina alama. Nikajikuta nimesema, "Nitasema mimi."

Bwana Jamali akacheka. "Kiingereza unakijua wewe?"

"Sikijui. Anakijua mume wangu, ila hana sauti. Mimi ninayo. Atakaa karibu yangu aninong'oneze, nami nitawaambia watu."

"Mwanamke, mbele ya kadamnasi?"

Shemeji yako hakuweza kujibu, akapiga meza kwa kiganja mara mbili. Bwana Jamali akamtazama, akanitazama mimi, akaenda zake bila kusema hapana.

Mwambie Mama asishtuke. Nilijitanda kanga mbili juu ya buibui, na ndani mlikuwa na giza kiasi kwamba waliniona kwa masikio tu. Kule Kibosho huonyesha sinema mchana, baada ya chakula, ndani ya ghala la kahawa. Madirisha huzibwa kwa magunia, na watu hukaa juu ya magogo na matita ya majani makavu ya migomba. Lori letu lilikwama mara tatu njiani kwa tope, na tulipofika ghala lilikuwa limejaa. Wengine walikuwa wametoka Uru kwa miguu. Mbele kabisa alikaa Bibi Apolonia, mama mtu mzima mwenye kihamba chake hapo juu, migomba na kahawa mpaka korongoni. Yeye ndiye huwageuzia Kichagga bibi wenziwe wa nyuma wasiosikia Kiswahili vizuri.

Sauti yangu ya kwanza ilitoka nyembamba kama uzi. Mtu mmoja akapaza sauti huko nyuma, "Kumbe leo wametuletea ndege!" Ghala zima likacheka. Bibi Apolonia akageuka kwa hasira. "Nyamazeni! Mwacheni mtoto wa watu aseme!" Nikalishika bomba kwa mikono miwili, nikaanza upya.

Sasa sikiliza filamu yenyewe, kwa kuwa ni ya mambo yako. Ni bwana wa kiinimacho, Mzungu mwenye masharubu, anafanya mazingaombwe kwenye jukwaa mjini. Ufundi wake mkubwa ni kumwomba mtu pete, kuipoteza mbele ya macho ya watu wote, kisha kuitoa ndani ya mkate wa moto uliotoka jikoni. Siku moja bibi tajiri anampa pete ya almasi. Pete inapotea kama kawaida. Mkate unaletwa, unamegwa, pete hamna! Bibi analia, mumewe anaita polisi, bwana wa kiinimacho anafungwa. Tukabaki na wa kuwashuku: mpiga kinanda mwenye deni, msichana anayeshika mkate, na mwenye ukumbi asiyeonekana kusikitika.

Unakumbuka ile ya Kihindi tuliyoitazama mimi na wewe Tanga, siku ya wanawake peke yao? Yule wa kilemba aliyemtia mkewe ndani ya sanduku, sanduku likafunguliwa tupu, mji mzima ukamwita muuaji? Nyimbo kumi na moja zilipita, watu wanalia kwa kwikwi, na wewe ukanifinya paja: "Dada, mke ndiye yule mfagiaji wa uani. Mtazame, kila mtu anasema, yeye peke yake hasemi." Nikakwambia nyamaza wewe, acha ujuaji. Mwishoni mfagiaji akajifunua uso! Ulinisimanga mwezi mzima. Ukaniambia kwenye sinema za kiinimacho usimfuate anayekuonyesha kitu, mfuate yule ambaye hutakiwi kumtazama.

Basi nilipokuwa naipaza ile ya pete, nilikuwa pia naitafuta kwa macho yako. Nikamwangalia mpiga kinanda: tulikuwa tunaonyeshwa uso wake kila mara, basi si yeye. Msichana vilevile. Ndipo nikamkumbuka bibi tajiri alivyotoa pete. Alivua glavu, akavua pete, akaiweka kwenye sahani bila kuitazama hata kidogo. Zuhura, mwanamke hamwazimi mtu hata bangili ya shaba bila kuiangalia mara ya mwisho. Nikaona tofauti ya filamu hizi mbili. Katika ile ya Tanga tulidanganywa macho, kilichopotea kilikuwa mbele yetu. Katika hii tulidanganywa huruma. Tulikuwa na shughuli ya kumsikitikia anayelia, na anayelia ndiye hatukumtazama.

Nikiwa bado nawaza hayo, mkanda wa tano ukaisha na taa ikawashwa. Fundi wa mashine akafungua kopo la sita, la mwisho, akauweka mkanda, akazima taa. Kwenye kitambaa akatokea bwana shamba mwenye kaptula, anaosha kahawa ndani ya birika la saruji.

Watu walidhani ni mzaha. Bwana shamba akaendelea kuosha kahawa. Kumbe waliotuletea makopo walibadilisha. Kopo lina namba yetu, mkanda ni wa kilimo.

"Kahawa tunayo nyumbani!" mzee mmoja akapiga kelele. "Tunataka pete!"

Ghala likachafuka. Watu wakasimama, magogo yakaanguka. Bwana Jamali akanijia mbio, jasho linamtoka. "Waambie mashine imeharibika. Waambie waende nyumbani." Nikamgeukia shemeji yako. Yeye naye hakujua mwisho, filamu ilikuwa mpya kwetu. Karatasi ya matangazo iliyokuja na filamu iliishia kwenye swali tu, nani aliyeiba pete. Akanionyesha viganja vitupu. Hakuwa na la kuninong'oneza.

Nilijua watu wale wakiondoka vile, Jumatatu bwana wa Arusha yuko ndani ya treni.

Nikapanda juu ya sanduku la mashine. Nikamwambia fundi, "Toa huyo wa kahawa, niachie mwanga mtupu." Kitambaa kikabaki cheupe, kivuli changu kikasimama katikati yake, kikubwa kama mgomba.

"Ndugu zangu wa Kibosho," nikasema, "mkanda umepotea. Hadithi haijapotea. Nani aliiba pete?"

"Mpiga kinanda!" wakapiga kelele upande huu. "Msichana!" upande ule.

"Kaeni niwaambie."

Wakakaa, Zuhura! Nikasema, bwana wa kiinimacho analetwa mbele ya hakimu. Anaulizwa kama ana neno la mwisho. Anajibu, naomba mkate mmoja tu. Mkate unaletwa, anaufunika kwa leso, anampa bibi tajiri aumege kwa mikono yake mwenyewe. Nikangoja. Bibi Apolonia akamaliza Kichagga chake. Nikasema, bibi anaumega mkate, ndani inang'aa pete! Watu wote mahakamani wanashangilia, mumewe anamkumbatia, pete imepatikana. Lakini bibi amekuwa mweupe kama kitambaa hiki. Anaitupa chini, anapiga ukelele, "Hiyo si yangu! Haiwezi kuwa yangu! Yangu niliiuza!"

Nikaongeza kwa sauti ya chini, "Pete aliyompa siku ile ilikuwa ya kioo, mumewe asijue. Ilivunjika mkononi mwa bwana wa kiinimacho, yeye akadhani ameharibu mali ya watu, ndiyo maana hakusema. Gerezani ndipo alipokumbuka kwamba almasi haivunjiki, akatia pete nyingine ndani ya mkate. Ila ni mtu mmoja tu duniani aliyejua kwamba almasi haiwezi kurudi. Ni yule aliyeiuza."

Lo! Nikadhani bati la ghala linang'oka. Vigelegele, miluzi, wazee wanagonga fimbo chini. Bibi Apolonia alisimama akiinua mikono, "Aika, mae! Aika!" Ndivyo wanavyoshukuru huku. Tuliondoka na mikungu mitatu ya ndizi, na mara hii lori lilipokwama walilisukuma wakiimba.

Njiani shemeji yako hakunitazama. Nikaogopa. Nikajiambia nimemvunjia heshima mbele ya watu. Tulipofika nyumbani akanisogelea, akaninong'oneza kwa ile sauti yake ya pumzi, "Mimi najua maneno yao. Wewe unaijua hadithi. Nani alikufundisha?" Nikamwambia ni mdogo wangu Zuhura, aliyenifinya paja mpaka likawa na alama. Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya huko aliyeondoka akisema, "Yule mama kabuni. Subirini mkanda wa kweli." Neno hilo likatembea. Kwa hiyo majuma mawili baadaye kopo la kweli lilipoletwa na treni, Bwana Jamali hakuwa na budi kuturudisha Kibosho. Ghala halikutosha. Watu walikaa mpaka madirishani, na mwalimu mstari wa mbele, mikono kifuani. Shemeji yako sauti ilikuwa imerudi, akashika bomba mwenyewe. Mimi nilijibanza nyuma ya mashine.

Mkanda ukaanza. Askari anakwenda kwa sonara. Sonara anafungua daftari. Jina lililoandikwa ni la bibi tajiri!

"Ni yeye! Ni yeye!" Ghala zima likageuka kunitafuta gizani. Hata shemeji yako alisahau kufasiri, akapiga kelele kama wao.

Ila baada ya hapo hapakuwa na kitu. Askari anamshika bibi mkono, bwana wa kiinimacho anavaa kofia yake, basi, mwisho. Hakuna mahakama, hakuna mkate. Watu wakatazamana. Mwalimu akasimama polepole, akajikohoza.

"Mama yule alimjua mwizi," akasema. "Nilimkosea, namwomba radhi. Na kuhusu mkate," akageuka kuwatazama wenzake, "nadhani Wazungu ndio waliokosea."

Ungesikia kicheko! Kisha Bibi Apolonia akadai, "Tupeni wa mkate!" Wakaitikia wote, "Wa mkate! Wa mkate!" Shemeji yako akapita katikati ya watu mpaka nilipojibanza, akaniwekea bomba mikononi mbele ya wanaume wote wale, akasema kwa sauti yake nzima, "Mwisho wa sinema hii ni wa mke wangu."

Nikapanda. Nikauanza mwisho wangu tokea kwa hakimu. Nilipofika pale bibi anapomega mkate, sikuwahi kufungua kinywa. Ghala zima, wazee na wanawake na mwalimu, kwa Kiswahili na Kichagga pamoja, wakapiga ukelele, "Yangu niliiuza!"

Bwana Jamali ameshamwandikia yule wa Arusha kwamba nafasi hakuna. Sisi ni wafasiri wawili sasa, shemeji yako wa maneno na mimi wa miisho. Jumamosi iliyopita, Uru, mtu alikuja na mkewe mgonjwa amembeba mgongoni ili asikie.

Nisalimie shangazi yetu mkunga, na kaka wa bandarini, na jirani yetu fundi wa viatu pamoja na mama watoto wake. Somo yangu mpe busu la mkono. Mama mwambie namwombea afya usiku na mchana, na kwamba mkwewe anamheshimu mwanawe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwanahamisi,
mfasiri wa sinema, Moshi