Treni Iliyogawanyika Villach

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Jesenice, Slovenia. Tarehe 9 Septemba.

Jina: Ottavia Mazzanti. Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 27. Kazi: muuzaji katika duka la miwani. Makazi: Ferrara, Italia. Uhusiano na marehemu: dada yake.

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, kwa Kiitaliano, na mkalimani amekaa kushoto kwangu. Nimeambiwa niseme ninayoyajua kwa mpangilio. Nitajaribu.

Marehemu Nevio Mazzanti, umri miaka kumi na tisa, ni mdogo wangu, tumbo moja, na hatukuwa na mwingine. Aliugua pumu tangu utotoni. Mwaka huu alimaliza shule, na zawadi aliyoomba ilikuwa kuzunguka miji ya Ulaya kwa treni, begi mgongoni, bila kupangiwa na mtu. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba niende naye. Mimi sikutaka. Likizo yangu nilikuwa nimeipangia kulala.

Mnamo tarehe 18 Agosti tuliondoka Ferrara. Tulipita München, Praha, Krakow na Budapest. Sitaki iandikwe kwamba zilikuwa siku mbaya. Nevio alikuwa mtu wa kupata marafiki kabla treni haijatoka stesheni. Kwenye treni ya Praha alicheza karata na wazee watatu ambao hakujua neno la lugha yao, wakamfilisi biskuti zake zote, na waliposhuka wakambusu shavuni. Krakow tulikosa treni kwa sababu yake, tukalala kwenye benchi, nikamnunia hadi mchana. Akaenda kununua mikate miwili ya duara yenye ufuta na tundu katikati, akanitundikia masikioni. "Hereni hizo, dada," akasema. "Sasa kunja uso vizuri, nikupige picha." Nilicheka, ingawa sikutaka kucheka.

Budapest mambo yaligeuka. Hosteli ilikuwa na chumba cha watu kumi, na zulia lililokuwa limekula vumbi la miaka. Kifua kilimbana Nevio vibaya, akaimaliza pampu yake ya akiba, ile dawa ya kuvuta, ikabaki moja tu. Asubuhi aliniambia, "Usimwambie mama, nakuomba. Ukimwambia tu, safari imekufa." Nikasema, "Simwambii." Nikamshawishi twende kwanza Salzburg kwa rafiki yangu mwenye nyumba safi, apumzike, halafu tuendelee Zagreb hadi Belgrade. Belgrade ndiko alikotaka kufika tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza kuna nini huko, alisema hajui, ila katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika.

Tarehe 8 Septemba, tukiwa Salzburg, Nevio akiwa bafuni, nilimpigia mama nikamweleza kila kitu. Mama alisema, "Mlete nyumbani. Kesho." Nikasema sawa. Nevio sikumwambia. Niliogopa kelele zake, na nilidhani nikiwa naye ndani ya treni tayari, ataelewa.

Leo asubuhi tulikwenda stesheni kwa miguu. Mvua ilinyesha, jaketi langu likalowa chapachapa. Nevio alivua lake akanitupia. "Vaa," akasema, "usije ukanishtaki kwa mama kwamba nimekugandisha." Nikavaa. Nguo zake zilinienea siku zote.

Treni yenyewe ilikuwa moja, lakini ina safari mbili. Ikifika Villach inakatwa: mabehewa ya mbele yanakwenda Zagreb, ya nyuma yanakwenda Udine, upande wa kwetu Italia. Nilimwingiza behewa la nyuma. Alikaa, akatoa mkate na soseji, akaanza kuniambia Zagreb tutakula nini. Baada ya muda mrefu alikwenda msalani, na aliporudi alikuwa amesoma kibao cha mlangoni.

"Dada, tumekosea behewa," akasema. "Hili ni la Udine. La Zagreb liko huko mbele."

Nikamwambia, "Hatujakosea."

Alinitazama, kisha akaurudisha mkate begini. "Umemwambia mama."

"Nimemwambia. Kifua chako, Nevio..."

"Kifua ni changu! Tangu nizaliwe mnapumua kwa niaba yangu, wewe na mama. Na neno lako ulilonipa je?"

Nilimjibu kwamba neno langu halitamzika mtu. Akasema bora mama, yeye hadanganyi. Hapo nikapandwa na hasira. Naomba iandikwe kama nilivyosema: "Basi nenda! Nenda huko mbele unakotaka. Nimechoka kuwa yaya wako." Akabeba begi lake akaondoka kuelekea mabehewa ya mbele. Hakudai jaketi. Mimi pia sikukumbuka kuwa nimelivaa.

Afande, umeniuliza mara mbili kama nilijua treni itagawanyika. Nilijua. Tulipokaribia Villach lilitolewa tangazo, kwa sauti safi, kwa lugha tatu, na moja ni yetu: wasafiri wa Zagreb mbele, wasafiri wa Italia nyuma. Nililisikia lote. Treni ilisimama muda wa kutosha mtu kwenda mbele na kurudi akiwa amemshika mdogo wake sikio. Sikuinuka. Nilisema moyoni, mwache, njaa itamrudisha. Saa saba na dakika ishirini mchana nusu aliyokuwamo yeye iliondoka. Nilinyoosha miguu juu ya kiti chake, na nakiri kwamba niliona raha.

Yetu nayo ikaondoka. Baada ya kama robo saa nilitafuta kitambaa cha kujifutia pua, nikatia mkono mfukoni mwa jaketi. Nilishika pampu yake.

Nilimpigia simu. Hakupokea. Nikapiga tena, akapokea.

"Unataka nini?"

"Nevio, pampu yako ninayo mimi. Iko kwenye jaketi."

Nilisikia akifungua zipu za begi, moja baada ya nyingine. Kisha akacheka kidogo. "Basi leo sikimbii," akasema. "Nitanunua nyingine Zagreb."

"Shuka kituo kijacho unisubiri. Nakuja."

"Ndiyo mbinu mpya hiyo?" akasema. Lakini sauti ilikuwa imebadilika. Mimi naijua pumzi yake kuliko yangu. Alikuwa ameanza kuvuta hewa kwa juu juu. Nikamwambia, "Kaa wima, usiongee, mwambie mtu aliye karibu." Akasema, "Dada, tunaingia handakini," na simu ikakatika.

Nilimkimbilia kondakta. Ni mzee, hakuniuliza swali hata moja la ziada. Alipiga simu palepale, na najua kwamba gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri hapa Jesenice kabla treni ya Nevio haijatoka handakini, upande huu wa mlima wa mpakani. Lakini taa ya reli ilikuwa nyekundu, treni yake ikasimama ndani ya handaki karibu nusu saa. Nilishuka Tarvisio, kituo kilichofuata, nikachukua teksi, nikavuka mpaka kwa barabara. Njia nzima nilikuwa nimeishika ile pampu mkononi, nje ya mfuko, kana kwamba nikifika nayo tayari nitawahi.

Hospitalini nilimkuta Bi Jasna, mama wa makamo wa Zagreb aliyekaa na Nevio ndani ya treni. Ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Alisema kijana alipopanda alikuwa mzima, anampa mkate na kumuuliza kuhusu Belgrade. Alibadilika baada ya ile simu. Alimuuliza handaki lina urefu gani, Bi Jasna akamwambia dakika chache tu, kwa kuwa ndivyo siku zote. Treni iliposimama Bi Jasna alimshika mkono. Watu walizunguka behewa zima wakiuliza nani ana dawa ya pumu, na hakuna aliyekuwa nayo. Bi Jasna anasema hakumwachia mkono mpaka alipokata roho, na mimi nimemshukuru kwa hilo.

Sasa naomba niseme jambo ambalo hukuniuliza. Mwenye pumu akijua hana dawa, hofu peke yake inatosha kumbana. Mama alitufundisha hivyo tangu zamani: akisahau pampu, usimwambie, itafute kimyakimya. Nilikuwa nalijua. Nisingempigia simu, huenda angevuka handaki akizungumza habari za Belgrade, na kondakta wangu angekuwa amekwisha kuita gari la wagonjwa. Nimemuuliza daktari. Amesema hakuna anayeweza kujua, na kifua kilikuwa kibovu tangu Budapest. Alisema kwa upole. Ningependa angekuwa na hakika, upande wowote.

Mama alipiga simu saa kumi, nikiwa nimekaa kwenye korido ya hospitali. Aliuliza tumefika wapi. Nilisema treni imechelewa. Akasema, "Mpe nduguyo niongee naye." Nikamwambia amelala. Akasema, "Mwache alale, usimwamshe. Chakula kitakuwa mezani."

Hakuna mtu aliyemfanyia mdogo wangu ubaya ndani ya treni ile. Niliyoyaona ni haya, na niliyoyafanya ni haya. Sina la kupunguza.

(Saini) Ottavia Mazzanti

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yamesomwa kwa shahidi na mkalimani, ameyakubali na kutia saini mbele yangu. Alitaka kufuta sentensi moja, ile ya kuona raha, kisha akasema ibaki. Nilimweleza kwamba taarifa ya msiba inaweza kupelekwa kwa mama yake na polisi wa Ferrara, waende nyumbani. Amekataa. Saa mbili na nusu usiku alipiga mwenyewe, kwa simu ya ofisi hii. Sijui Kiitaliano, na mkalimani alikuwa amekwishatoka. Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili, na mwanamke aliyepokea alikuwa anacheka.

(Saini) Inspekta M. Zupan