Wimbo Uliochelewa Maziko

Jumatatu, Kilosa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mtaa wetu wa Magomeni wote ni tope, na mimi nina hasira. Nimeingia hapa kafe ya intaneti nikiwa nimelowa chapachapa. Nimeandika salamu nikazifuta. Leo sina salamu.

Mwalimu Daudi amezikwa juzi. Sikuwepo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Mwalimu Daudi ndiye aliyekuwa akinifundisha chelo, lile zeze kubwa la Kizungu linaloshikwa katikati ya magoti. Alijifunza kwa wamisionari akiwa kijana, baadaye akawa karani wa shamba la mkonge. Shamba lilipobinafsishwa akapunguzwa kazi, akarudi kwao Mikumi na chelo yake. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Kilosa, na tangu mwaka jana kila Jumamosi nilikuwa nampandia basi. Alipoanza kuugua koo na mkono ukaishiwa nguvu, akanipa chelo nije nayo nyumbani, na ombi moja: siku ya maziko yake nimpigie wimbo wa kumuaga. Mmoja tu.

Nikasema sawa. Ningesemaje?

Wimbo wenyewe una mistari minne. Ugomvi wangu ni na ule wa tatu, ambao kidole kidogo kinatakiwa kifike mbali, na changu hakifiki. Na nina tabia moja mbaya: naanza mwanzo. Nikikosea narudi mwanzo, maana huko ndiko ninakojiona fundi. Jumamosi nilipoirudisha kwake kwa somo, yeye alikuwa akinitazama kutoka kitandani, amekunja uso.

"Binti, hapo mwanzo ni pazima. Anza panapouma."

Alitaka nusu saa kila siku, siyo yale masaa yangu ya Ijumaa ya kufukuzia wiki nzima. Alitaka nivute upinde polepole kwenye nyuzi tupu, bila kuzibonyeza, mpaka sauti iache kukwaruza, halafu niuimbe mstari kwa mdomo kabla ya kuugusa kwa vidole. Nilikuwa naitikia kila kitu, "Ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu," nikifika nyumbani nafanya ninavyotaka. Ubishi tu, sina jina jingine la kuupa.

Jumamosi asubuhi mkewe, Mama Ana, alinipigia simu. "Mwalimu wako ametutoka. Njoo, mwanangu, njoo nayo." Basi la kwanza la Mikumi lilikuwa bado stendi. Ningekimbia ningelipata.

Nikafungua chelo.

Nilijiambia nirudie kidogo tu, nisije nikamwaibisha mbele za watu. Hicho kidogo kikala asubuhi. Na nilianza wapi? Mwanzo! Mwenzangu kalazwa kwenye jamvi na pamba puani, mimi naanza mwanzo, nafika mstari wa tatu, nakosea, narudi. Basi la kwanza likaondoka nikisikia honi yake.

La pili lilikuwa limejaa. Sanduku la chelo ni la mbao, na nilikuwa nimelifunga kitenge kwa ajili ya mvua. Kondakta alilitazama, akavua kofia.

"Ni mtoto?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nilishindwa kueleza. Nikatikisa kichwa kukubali. Abiria wakanipisha kiti, kila mmoja "pole sana dada", na mimi naitikia "nimeshapoa", jamani, Mungu anisamehe. Basi liliponasa kwenye tope, wanaume wanne walilibeba lile sanduku begani wakalivusha dimbwi, taratibu. Nilitembea nyuma yao nalia. Walidhani wanajua ninachokililia, na kwa kweli hawakukosea sana.

Nilifika jua linazama. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria. Ndugu zake Mwalimu wote ni Waislamu, ni yeye peke yake aliyebatizwa, shuleni huko. Hilo nilikuwa nalijua, ila sikuwahi kujiuliza litakuja kuwaje siku ya msiba. Ukoo ulikaa na Mama Ana wakaelewana marehemu alale karibu na baba yake. Mchungaji aliombea nyumbani, ndugu wakazika alasiri. Kwao maiti hailali ndani.

Nilimsalimia kaka mkubwa wa Mwalimu. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari." Akalitazama sanduku. "Shemeji alituomba, na sisi tulikubali. Ungepiga hapa uani kabla hatujamtoa. Tulikungoja mpaka adhuhuri ikapita, tukaona labda hutakuja."

Hakuniuliza nilichelewa wapi. Afadhali angenitukana.

Nilijua ningeweza kusingizia tope, na mtu yeyote angeniamini. Sikusingizia chochote. Nilikaa jamvini karibu na Mama Ana, akanishika mkono, akavipapasa vidole vyangu kimoja kimoja.

"Ule mstari wa tatu umeupata?"

"Nimeupata, mama."

"Afadhali. Alikuwa na wasiwasi nao mpaka juzi."

Nimemdanganya mjane siku ya msiba wake. Ninaandika hivi ili niuone uongo wangu kwa macho yangu.

Jana nimerudi Kilosa na mzigo wangu. Leo watoto walipotoka shule nimejifungia. Sikuanza mwanzo. Nimevuta nyuzi tupu, nimeuimba mstari wa tatu kwa mdomo, halafu nikaupiga huo peke yake, polepole, nusu saa, mvua inapiga bati. Mwishoni kidole kimefika. Nadhani kimefika. Masikio yangu yananiambia sawa, lakini masikio haya haya ndiyo yaliyokuwa yananiambia sawa mwaka mzima.

Nikashusha upinde, nikakaa kusubiri anikaripie.

Sasa nani ataniambia nimekosea?