Sauti Waliyomwekea Mama

Baba yangu,

Tangu tukuzike naambiwa niache hasira. Sijaweza.

Unakumbuka siku walipokuja kumpiga mama picha hapa Lurambi? Wewe ndiye uliyewaleta, kwa gari la sinema la serikali ulilokuwa ukiendesha. Ulituambia mtawala wetu anapenda sinema kupita kiasi, hasa zile alizomo mwenyewe, na kwamba kabla ya uchaguzi zinatakiwa picha za wananchi wakichota maji aliyowaletea. Maji gani? Bomba lilichomekwa asubuhi ile ile, likivuta kutoka lori la tangi lililofichwa nyuma ya kanisa. Mama alijaza ndoo, akamgeukia mpiga picha akicheka: "Hii bomba mtatuachia ama mnaenda nayo?" Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilimsikia.

Walienda nayo kabla ya saa kumi.

Wiki chache baadaye ukatuonyesha sinema hiyo katika ukumbi wa shule, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama akatokea, mkubwa kama ukuta, midomo ikicheza. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume: "Mama huyu anamshukuru Mtukufu kwa maji safi." Watu wakapiga makofi, maana chifu alikuwa ameketi mbele. Mama aliinama, akafunika uso kwa leso.

Tukarudi kuchota mtoni. Homa ya matumbo ilipomchukua mama, nilidhani utaichoma filamu ile. Badala yake ukazunguka nayo Bukura, Mumias, kila mahali. Nilikuuliza, "Baba, huoni aibu?" Ukajibu bila kuniangalia, "Hapo ndio namuonanga akicheka."

Nililia, kisha hasira ikarudi maradufu. Walimnyima maji, wakamnyang'anya maneno, halafu wakakutuma wewe, mume wake, ukayatangaze ya kwao. Na ungeweza kuzima sauti, baba. Kitufe kilikuwa chini ya kidole chako. Hata mara moja tu, watu wakajionea wenyewe midomo yake inasema nini.

Leo nimepalilia makaburi yenu. Nilianza na la mama. Lako nililiacha hadi jua likawa kali, nikakaribia kuondoka, kisha nikashika jembe tena. Usidhani nimekusamehe. Magugu yalikuwa marefu tu.

Lala, baba.

Binti yako wa kwanza