Kapoint Kekundu Nyuma ya Kamio

Mama Masika,

Ni mimi. Ninaandika na mukono yangu, maandishi makubwa kama ya nyuma ya kamio ya mizigo, juu njo ile tu ulinifundishaka. Usicheke. Mu Butembo muzima hakuna muzee mwingine anaweza kukata jante za magurudumu ya kamio ya kuchezea mu kikopo ya sardine hata zizunguke kama za kweli. Nilikuwaka wa kwanza, ningali wa kwanza. Mais tangu tulikuzika kule Masereka, nyumba imekuwa kubwa sana. Asubui ninasalimia kiti yako. Haiitikie.

Tukamio twangu tunajaa ku etajeri, tote bila jina. Kamio bila jina ni sanduku tu, weye njo ulisemaka vile. Mi ninafanya mwili, weye unaipa jina.

Ninakumbuka vile ulitengenezaka karatasi ya maji. Nyuma ya kalendari ya zamani unapakaa uji ya muhogo, nyepesi kama maziwa. Ikikauka, unapakaa verni ya kung'aa. Kisha unaipeleka ku biro ya photocopie, wanachapa majina mistari mistari, unarudi, verni tena. Tunakata jina moja, tunatia mu sahani ya maji. Na kungojea. Jina inaachana na karatasi kama ngozi ya juu ya maziwa ya moto, mi ninaisukuma na kidole mupaka nyuma ya kamio. "Usiharakishe, Baba Masika. Itatoka yenyewe." Mi sikungojeaka kitu mu maisha yangu, isipokuwa ile.

Na juu ya kila jina ulitia kapoint kekundu, kadogo kama kichwa ya sindano. Maandishi ile ni kama mayai ya chawa, na lunette ya macho mi nilikataa, lunette ni ya wazee. Kapoint kakiwa juu, ninajua jina iko sawa. Watu wakiuliza, ninajibu: "Ni taa ya stop! Modele ya kwangu peke!" Weye unakata bitunguu, mabega tu njo yanacheka.

Sasa sikia. Nilisema nitafanya mwenyewe. Nilipakaa uji, nilipakaa verni, nikaenda ku biro, wakachapa. Mi nani wa kushindwa? Nikabandika jina, nikapelekea mwalimu mumoja, mutu wa Kasaï, mwenye alifanya komande ya kamio. Akaangalia nyuma ya kamio. Akapindua shingo. Kisha akapindua kamio, magurudumu juu mbinguni, kusudi asome jina.

"Papa, hii yako ilianguka ku milima ya Alimbongo?"

Watu wote wa parcelle wakacheka. Nikasema njo modele mupya. Akauliza, bila ubaya: "Donc taa ya stop iko wapi?"

Mama Masika, kapoint nilikasahau. Mi, kusahau! Nilirudi na kamio chini ya koti, mu mvua, kama mutu ameiba kuku.

Ku karatasi yako ya mwisho kulibaki jina moja, WASINGYA, na kapoint kake. Niliificha mu kitabu yako ya nyimbo. Nilijua nikiitia mu maji, inakwisha, na hakuna tena kitu ya mukono yako yenye ingali inaningojea. Binti yetu Masika alikuja kutoka Beni, kule Mulekera, unajua njia vile iko ya hatari, mais alikuja. Akafungua kitabu.

"Baba, verni imekuwa jaune kama ndizi ya kuiva. Inaanza kupasuka. Ukiiacha, itakufa pa karatasi."

Nikamufokea. Nikasema ni yangu.

"Mama aliifanya ya kubandika, hapana ya kuficha."

Mudomo yake ni yako kabisa. Tuliachana vibaya, akapanda pikipiki kurudi Beni.

Leo asubui kulikuwa jua kidogo. Nilitia maji mu sahani yako ya bleu. Nikatia jina. Haikutoka. Nikangojea, haikutoka, nikafikiri basi, nimeiua kwa kuichunga. Nikasema kwa nguvu: "Itatoka yenyewe." Sauti yangu peke mule mu nyumba, sikuipenda.

Ikatoka. Ile A ya mwisho ilipasuka kidogo, mais kapoint kalifika kazima. Nilibandika ku kamio ya jaune, ile ulichaguliaka rangi. Mwalimu alipita, akasoma, akauliza maana. Nikamuambia kwa Kinande ni aksanti. Akataka kuinunua. Hiyo hapana ya kuuzisha. Ya kwake nitamufanyia ingine.

Lunette nitavaa. Umeshinda. Na kila jina nitachapisha na kapoint juu, hata kama nitakuwa ninaona muzuri. Wakiuliza, sitasema tena taa ya stop. Nitasema nilikuwa na bibi wa ndoa, njo alinioneshaka juu iko wapi. Mwingine mu Butembo mwenye alikuwa na bibi wa vile, atokee.

Lala muzuri kule mu baridi ya Masereka. Masika nitamutumia neno leo, nitamuambia ilitoka. Njia ikitulia tutapanda wote wawili, tukuletee kamio ya jaune uione.

Wasingya, Mama Masika.

Baba Masika

Kule mwanzo ya hii barua nimetia kapoint kekundu na bic, usiishike miguu juu.