Soli za Magongo

Kitwe,
Jumapili mchana

Kaka Amoni,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinachobana asubuhi za baridi. Goti la mama linaendeleaje? Kahawa mmemaliza kuchuma?

Bado nakata majani kwenye uwanja wa gofu. Nina habari moja, nimeitoa kwenye daftari langu la kila siku nisije nikakosea.

Jumanne alikuja Bwana Mulenga, fundi redio wa mtaani kwetu. Ana mguu mmoja kama wewe. Hutembelea magongo mawili. Akitaka kupiga, huachia moja na kushika fimbo kwa mkono huo, na mpira huenda mbali kuliko wa wengi wenye miguu yote. Alipofika kwenye grini, yale majani mafupi kama zulia yanayozunguka kishimo, nilimzuia. Magongo huyatoboa, na matundu naulizwa mimi. Nikamwambia, "Mzee, simama pembeni, mpira nitakumalizia."

Akanitazama. "Iwe Mtanzania, na nshima yangu utanimalizia?"

Nshima ndiyo ugali wa huku. Wenzangu walicheka sana. Mimi nilikukumbuka wewe, ulivyoanza kusikiliza ibada dirishani baada ya mzee wa kanisa kusema magongo yako yanachubua vigae vipya. Wakati ule niliona ana haki.

Jumatano nikatafuta tairi kuukuu, nikakata soli nne za duara, pana kama kisahani, jinsi marehemu baba alivyotukatia viatu vya katambuga. Ziliteleza kwenye umande, nikazichanja mistari. Ijumaa meneja alikubali tujaribu mbili kwenye magongo ya Bwana Mulenga: likionekana tundu moja tu, hachezi mashindano ya mwezi huu. Akacheza mpaka mpira ukaingia kishimoni. Meneja akapiga magoti, akapapasa majani kote alikopita. Hakupata kitu. Jina lake limeandikwa kwenye mashindano.

Soli mbili zilizobaki nimempa dereva wa lori, ataziacha kwa shemeji, dukani kwake Chapwa. Zifunge kwa waya ubavuni, usipige msumari chini.

Mama mwambie sweta alilonifumia ndilo navaa kazini. Shangazi wa Ibaba mwambie nimepata viazi vyake, asante.

Jumapili ijayo ingia ndani, Kaka, ukae mbele. Mzee wa kanisa akilalamika, mwambie apige magoti atafute mchubuko.

Ni mimi mdogo wako,
Esau