Jaa la Chaka Linageuka Mawe

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimefua ovaroli ya mume wangu Gathogo tena. Masizi hayatoki. Tangu tumzike binti yetu Wangari, akitoka karakana anakunywa uji akiwa amesimama, kisha anaenda kwa jaa la soko letu la Chaka. Kijito tulichokuwa tukiteka maji kinapita chini ya hilo jaa. Daktari alisema ni taifodi iliyomuua. Gathogo alianza kujenga tanuri la kuyeyusha taka za jaa.

Alhamisi, 14 Machi
Amefaulu. Mikebe, vigae, matambara, majivu. Vyote ameviyeyusha kwa makaa ya mawe na chokaa. Vilitiririka vyekundu kama uji wa moto, vikapoa vikawa mawe magumu. Jiwe moja alililoweka ndani ya ndoo kutoka juzi. Leo akanywa yale maji mbele yangu, kuonyesha kwamba jiwe halitoi uchafu. Nilikasirika. Halafu nikalia.

Jumatano, 20 Machi
Diwani amekuja. Anataka mawe ya kujaza matope pale mlango wa soko. Gathogo amefurahi, mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi naogopa tu. Mawingu yameshuka kutoka mlimani.

Alhamisi, 21 Machi
Ilinyesha mpaka asubuhi. Shimo la kumwagia taka zilizoyeyuka lilikuwa na unyevu. Nilimwambia angoje likauke.
"Mama Wangari," akasema, "watoto wa wengine bado wanakunywa maji ya kile kijito."
Akamwaga. Ule moto ulipokutana na maji, ukalipuka. Kariuki, ndugu yake, alimbeba hadi barabarani.
Macho. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 24 Machi
Hospitali, Nyeri. Hataona tena. Yote mawili. Nalichukia hilo tanuri. Namkasirikia na yeye, na siwezi kumwambia. Amelala uso umefungwa bandeji, ananiuliza kama kumekucha.

Jumapili, 12 Mei
Kariuki ndiye anawasha tanuri sasa. Hamwagi mpaka shimo likauke kabisa. Jaa limepungua, ingawa kila siku ya soko watu wanaleta taka nyingine.
Baada ya kanisa Gathogo aliomba nimpeleke sokoni. Aliinama mlangoni, akayapapasa mawe yake yaliyotandazwa pale kwa kiganja, moja moja. Watu walitupita pembeni. Aliniuliza kama matope yanapita katikati ya mawe. Nikamwambia hapana.
Tulirudi polepole. Nimepika maharagwe meusi ya njahi. Kikombe chake mezani amekipata mwenyewe kwa kupapasa.