Msuli wa Baba Zuhura

Jumatano

Na leo hata viatu hakuvua. Mume wangu, aliyekuwa akiwagombeza wajukuu kwa vumbi la miguuni, ametoka kwenye mikorosho akaingia na viatu mpaka kwenye mkeka.

Nikamletea msuli wake uliopauka, ule anaovaa kila jioni kabla hata hajaomba maji. Alikaa wima, vifungo vyote vya shati amefunga, kama mtu aliyekuja kuposa.

“Baba Zuhura, badilisha basi upumzike.”

Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. “Ahsante, mama. Nitavaa nikifika kwangu Lupaso.”

Lupaso ni hapa. Kwake ni hapa. Zuhura nitamwambia nini mimi…

Nilipoinama nimvue viatu, akavuta miguu. Akasema hakai sana, mkewe anamsubiri.